Umri Utoshe Kuwa Ushahidi: Barua ya Wazi kwa Wabunge Kuhusu Pensheni ya Wazee

KWA: Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma

YAH: Pensheni jamii kwa wazee wa Tanzania Bara

Pensheni jamii ni fedha ambayo serikali humlipa kila mzee aliyetimiza umri uliotajwa, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, awe alichangia mfuko au hakuchangia. Haitokani na makato ya mshahara wa mtu. Hutoka katika kodi ya wote. Zanzibar inailipa tangu Aprili 2016. Tanzania Bara haina. Mzee wa Bububu aliyefika miaka 70 ana siku yake ya malipo, na mwenzake wa Bagamoyo, ng'ambo ya maji, wa umri uleule na pengine wa ukoo uleule, hana siku hiyo. Wote wawili ni raia wa nchi moja, na katika uchaguzi mkuu wote wawili humpigia kura Rais mmoja.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haiko kimya kuhusu jambo hili. Ibara ya 11(1) inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu unaofaa wa kutekeleza haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Shida ni mahali ibara hiyo ilipokaa. Imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezeki kwa amri ya mahakama yoyote. Haki imeandikwa, lakini mwenye haki hana pa kuidai. Milango mingine ikishafungwa namna hiyo, unaobaki ni wa Bunge, na ndiyo maana barua hii haikuelekezwa kwa jaji.

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na wenye umri huo walikaribia milioni 3.5. Wanaopokea mafao ya kila mwezi kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSSSF au NSSF ni sehemu ndogo tu ya hao, kwa sababu mifuko ile ilijengwa kwa ajili ya mwenye mwajiri. Mkulima wa muhogo wa Newala, mvuvi wa Mafia, mfugaji wa Longido, mama ntilie wa Kariakoo na kibarua aliyekata mkonge Korogwe kwa miaka 30 hawakuwa na wa kuwakata wala wa kuwachangia. NSSF sasa inawapokea waliojiajiri, na hilo ni jema kwa kijana wa bodaboda mwenye miaka 25. Kwa bibi wa miaka 74 limechelewa.

Bunge linalijua suala la wastaafu vizuri. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, kimejadiliwa tangu kanuni za mwaka 2018, kikasitishwa, kikarudi mwaka 2022 na malipo ya mkupuo ya asilimia 33, na mwaka 2024 baadhi ya wastaafu wakapandishiwa hadi asilimia 40. Mjadala ule ulistahili muda uliotumika. Ila ni vyema ikakumbukwa kwamba walio wengi katika wazee wa nchi hii hawana cha kukokotoa.

Mara nyingi husemwa kwamba kundi hili halikuchangia chochote. Kauli hiyo hainyooki ikiwekwa mbele ya historia. Mtu aliyetimiza miaka 70 mwaka 2025 alizaliwa 1955. Alikuwa kijana wa miaka 19 Azimio la Musoma lilipopitishwa mwaka 1974, na madarasa ya kutekeleza elimu ya msingi kwa wote yaliyofuata yalijengwa sehemu kubwa kwa nguvu za wanavijiji: tofali walifyatua wao, maji walichota wao. Katika miaka hiyohiyo wengi walihamishwa na Operesheni Vijiji, wakaacha migomba na makaburi ya wazee wao. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliwachukua wengine katika mgambo, na waliobaki walitoa ng'ombe na nafaka. Tangu miaka ya themanini hadi ilipofutwa mwaka 2003 walilipa kodi ya maendeleo, ile ambayo wasioilipa walikuwa wakikimbilia maporini wakisikia mgambo wa kata wanapita. Pamba yao, kahawa yao na korosho yao zilikatwa ushuru kabla hata bei haijafika mkononi. Kilichokosekana kwao ni risiti yenye namba ya mwanachama.

Bara haikukaa bure kwa miaka yote hii, na haki inataka yaliyofanyika yatajwe. Kuna msamaha wa matibabu. Hospitali na vituo vingi vina dirisha la wazee, na ukutani pana kibao kinachoomba mzee apishwe apate huduma kwanza. Lakini msamaha huo unamhusu mzee asiye na uwezo, na kutokuwa na uwezo ni jambo la kuthibitishwa kwa mtendaji, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa barua na picha ndogo. Baada ya hapo mzee hupata daktari bure, huandikiwa dawa, na dawa ikiwa haipo dirishani anaelekezwa duka lililo nje ya geti, ambako kibao cha kupisha wazee hakifanyi kazi. Hata dawa ikiwepo, nauli ya kufika hospitali ya wilaya ameitoa wapi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itasaidia katika bei ya dawa. Nauli haimo katika kitita cha bima yoyote.

Yapo pia makazi ya wazee yanayoendeshwa na serikali, kama Nunge ya Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga, Bukumbi ya Mwanza, Njoro ya Kilimanjaro na Fungafunga ya Morogoro. Kadhaa kati yake yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma, na yanahudumia watu wachache wasio na ndugu kabisa. Hayakukusudiwa kuwa jibu la uzee wa mamilioni. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo imegawanywa kwa wanawake asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Babu asiye na ulemavu hayumo, na huenda ni heri, kwa sababu mtu wa miaka 78 hahitaji deni.

Kilicho kikubwa zaidi ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na hapo panahitaji kutuliwa kidogo. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2000. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, ndiyo iliyoleta mpango wa kunusuru kaya maskini nchi nzima, ambao umefika vijiji ambavyo huduma nyingi za serikali hazijawahi kufika. Kwa kaya nyingi ruzuku yake imekuwa tofauti kati ya kula mara moja na kula mara mbili. Si mpango wa kubezwa, na pensheni inayopendekezwa hapa haikusudii kuuondoa.

Ila, kwanza, TASAF inahesabu kaya. Mzee anayeishi peke yake hupimwa kama kaya, na mzee anayeishi kwa mwanawe huyeyuka ndani ya kaya ya mwanawe. Ruzuku inapangwa kwa kuangalia zaidi watoto: wamekwenda kliniki, wamehudhuria shule. Cha ajabu ni kwamba mwanzo haukuwa hivyo. Katika majaribio yaliyotangulia awamu ya tatu, wilayani Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, mtu wa miaka 60 na zaidi alihesabiwa kwa nafsi yake na kupangiwa kiasi chake. Mpango ulipopanuliwa, mstari huo wa mzee ulidondoka.

Pili, TASAF humtafuta maskini kwa kumpambanua na asiye maskini sana. Mkutano wa kijiji huitwa, majina hutajwa hadharani, kisha hufuata dodoso la nyumba: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, kuna redio, kuna baiskeli, kuku wangapi. Katika kijiji ambacho karibu kila mtu ni fukara, kupambanua huku ni kama kuchagua aliyelowa zaidi kati ya watu waliotoka mtoni. Bibi aliyeezekewa bati na mjukuu aliye Dar es Salaam anaweza kukosa, ingawa bati haliliwi. Anayepata naye huambiwa na majirani kwamba amependelewa. Katika umri ambao mila zote za nchi hii zinaagiza mtu apewe kigoda na asikilizwe, utaratibu unamtaka asimame mbele ya vijana wa rika la wajukuu wake aeleze jinsi alivyoishiwa.

Umri hauna maswali hayo. Mtu ama amefika miaka 70 ama hajafika, na akishafika harudi nyuma. Ukiwekwa kuwa kigezo pekee, hakuna kamati ya kuombwa radhi wala kuhongwa, na jirani hana la kunung'unikia kwa kuwa zamu yake inakuja kwa njia ileile. Mshahara na mifugo hupanda na kushuka kila mwaka, na watoto huhama na kurudi. Katika taarifa zote za mtu masikini, tarehe ya kuzaliwa ndiyo pekee isiyobadilika.

Zanzibar iliuelewa mwelekeo huo mapema. Baada ya kupitisha Sera ya Hifadhi ya Jamii mwaka 2014, Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Aprili 2016: Sh. 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila kuulizwa hali yake. Wazee zaidi ya 25,000 waliingia katika daftari. Masheha, ambao wanawajua watu wao nyumba kwa nyumba, walisaidia kuwatambua, na malipo ya mwanzo yalitolewa taslimu katika vituo vya karibu na shehia. Haukuwa mpango wa wafadhili. Fedha zilikuwa za Serikali ya Zanzibar yenyewe, kutoka bajeti ambayo ni ndogo kuliko ya Muungano mara nyingi. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi Sh. 50,000, na mwaka 2020 Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria ya Masuala ya Wazee. Bara, kwa miaka 20 baada ya sera yake ya 2003, iliendelea kuishi na sera isiyo na sheria.

Sh. 20,000 ilikuwa fedha ndogo hata mwaka 2016. Wapo waliocheka. Lakini anayeijua fedha ndogo ni yule anayeisubiri. Kinachompa nguvu mzee ni kwamba fedha hiyo ina tarehe: muuza duka anayejua kwamba bibi fulani hulipwa kila mwezi humkopesha unga na sukari tarehe 20 bila wasiwasi. Mtu asiye na kipato cha uhakika hakopesheki, hata kama jumla ya misaada anayoipata kwa mwaka ni kubwa zaidi.

Bara nayo ina mfano wake, ingawa si wa serikali. Huko Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mwaka 1983, kizazi cha kati kilifyekwa na ugonjwa huo, wakabaki mabibi na wajukuu. Mwaka 2003, Nshamba, wilayani Muleba, ulianzishwa mradi unaoitwa Kwa Wazee. Ulifanya jambo rahisi: kumlipa mzee pensheni ndogo ya kila mwezi, na kumwongezea kidogo kwa kila mjukuu anayemlea. Tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba katika jina lake vitu vitatu vilivyonunuliwa: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Kitu cha tatu ndicho cha kuangaliwa. Fedha iliingia kwa jina la bibi, ikatokea miguuni mwa mtoto. Waliohofia kwamba pensheni ya wazee ni fedha inayotupwa kwa watu wasiozalisha walipata jibu lao kutoka kijijini, si kutoka katika vitabu vya uchumi.

Liko jambo jingine ambalo aghalabu halitajwi katika hesabu za hifadhi ya jamii. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa miongo mingi kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamefanywa ushahidi. Wekundu wa macho yao una sababu inayojulikana na kila aliyewahi kupika: moshi wa kuni na wa samadi kavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, kwa miaka 50. Nyuma ya tuhuma mara nyingi hujificha tamaa ya shamba la mjane. Pensheni haimalizi ramli chonganishi. Polisi, mahakama na elimu vina kazi yao. Lakini mauaji haya huota mizizi mahali ambapo mwanamke mzee anaonekana mzigo na urithi unaochelewa. Mwanamke ambaye uhai wake unaingiza kitu nyumbani kila mwezi ana thamani ya ziada hata machoni pa ndugu mbaya. Ni hoja isiyopendeza kuiandika, ila ni ya kweli.

Majirani wa Tanzania wanafundisha kwa mazuri yao na kwa makosa yao. Kenya, kupitia Inua Jamii, ilianza mwaka 2018 kumlipa kila mwenye miaka 70 asiyepokea pensheni nyingine Sh. 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi. Uandikishaji mkubwa ulifanyika mwaka 2017. Kisha daftari likafungwa, na halikufunguliwa tena kwa upana hadi mwaka 2023. Aliyetimiza 70 mwaka 2018 aliikuta safari imeshaondoka, akakaa miaka mitano akitazama jirani aliyemzidi mwaka mmoja akilipwa. Malipo nayo yamekuwa yakichelewa, wakati mwingine kwa miezi, na pensheni iliyochelewa hupoteza ile sifa yake kuu ya kuwa na tarehe.

Uganda ilianza na wilaya 15 mwaka 2010, ikilipa Sh. 25,000 za huko kwa mwenye miaka 65. Ilipotaka kupanuka bila kuongeza fedha nyingi ilibuni utaratibu wa kulipa wazee 100 waliotangulia kwa umri katika kila kata ndogo. Matokeo yake, mzee wa 101 alikuwa akisubiri mmoja wa wale 100 afe. Hakuna mtu aliyekusudia ukatili huo. Ulizaliwa na hesabu ya kubana matumizi. Baadaye nchi nzima iliingizwa, lakini kwa mwenye miaka 80, umri ambao wanakijiji wengi hawafiki. Hata kwa waliofika, kitambulisho cha taifa kiligeuka kizingiti: tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa vibaya na karani ilitosha kumfuta mtu. Lesotho, nchi ya milima isiyo na utajiri wa kutajwa, tangu Novemba 2004 inamlipa kila raia wa miaka 70 asiyekuwa na pensheni ya serikali, na haijafilisika. Mauritius ilianza kulipa wazee wote mwaka 1958.

Hoja ya kwanza dhidi ya pensheni hii ni fedha. Hesabu yake inaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu. Kila wazee milioni moja wakilipwa Sh. 20,000 kwa mwezi, gharama ni Sh. bilioni 240 kwa mwaka. Bajeti ya serikali ya mwaka 2025/26 ilikuwa Sh. trilioni 56.49. Katika kila Sh. 100 za bajeti hiyo, wazee milioni moja wangechukua senti 42, sarafu ambazo siku hizi hata mtoto haokoti. Kwa kiwango cha Zanzibar cha Sh. 50,000, gharama ni bilioni 600, asilimia moja na ushei. Hata kama umri ungeshushwa hadi 60 na wazee wote milioni 3.5 wakalipwa Sh. 20,000, jumla ni bilioni 840, yaani asilimia moja na nusu. Kuongeza gharama za uandikishaji na malipo hakubadilishi sura ya hesabu. Zaidi ya hayo, fedha hiyo haiendi Dubai. Inaishia kwenye genge, kwa fundi viatu na kwa muuza mafuta ya taa, na sehemu yake hurudi Hazina kama kodi. Mwaka 2010 wizara iliyohusika na kazi, pamoja na shirika la HelpAge, ilikwisha chapisha upembuzi uliotazama uwezekano wa pensheni ya wote. Kwa hiyo utafiti haujakosekana.

Hoja ya pili ni kwamba matajiri nao watalipwa. Watalipwa, na ni wachache kiasi kwamba kuwatafuta ili kuwatoa kunaweza kugharimu zaidi ya kuwalipa. Bunge likiona ni lazima kubana, njia inayovumilika ni ile ya Kenya: kuwaacha wanaopokea mafao ya PSSSF au NSSF, kwa kuwa majina yao yamo kwenye kompyuta za mifuko hiyo na hakuna mzee anayehojiwa mlangoni kwake. Kizuizi kingine chochote kinarudisha dodoso la kuku.

Hoja ya tatu inasemwa kwa moyo mwema: wazee watunzwe na watoto wao, pensheni italegeza maadili. Aliye na mtoto mwenye kipato hutunzwa, na ataendelea kutunzwa. Lakini mtoto wa mzee wa miaka 75 naye ana miaka 50, mara nyingi ni mkulima wa jembe la mkono au mchuuzi, na ana watoto watano wanaodai ada na madaftari. Mzee huyo anajua hivyo, ndiyo maana husema ameshiba hali hajala. Wapo pia waliozika watoto wao wote. Mila ya kumtunza mzee ilijengwa juu ya ardhi ya ukoo, mifugo na ujirani, na mzee mwenyewe alikuwa ndiye mwenye vitu hivyo. Leo kilichobadilika ni umiliki. Upendo hauna kosa.

Ya nne ni udanganyifu, na hii ni ya kuchukuliwa kwa uzito. Nchi iliyowahi kuhakiki wafanyakazi hewa haiwezi kujifanya haijui wazee hewa. Wengi wa wahusika walizaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuenea vijijini. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, inasaidia pale kitambulisho kilipo. Kisipokuwepo, ipo njia ya zamani inayofanya kazi bado: mzee huulizwa alikuwa na umri gani wakati wa Uhuru, nani aliingia naye jandoni au unyagoni, mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka gani wa njaa au wa mvua, na wenzake wa rika wanathibitisha. Kwa upande wa vifo, mtendaji wa kijiji anajua msiba siku ileile unapotokea. Kinachohitajika ni kumwajibisha kuripoti, na kuweka uhakiki wa kila mwaka unaofanyika nyumbani kwa asiyeweza kutembea, badala ya kumpakia kwenye baiskeli hadi makao makuu ya kata ili aonekane yu hai.

Malipo kwa simu yatawafaa wengi, kwa kuwa wakala yuko karibu kila kijiji. Lakini namba ya siri ya mzee asiyejua kusoma humilikiwa na mjukuu, na si kila mjukuu ni mwaminifu. Busara ni kumwachia mzee achague: simu, benki, au taslimu kituoni, pamoja na haki ya kumteua mtu wa kumchukulia na kumfuta wakati wowote.

Kutokana na hayo yote, Bunge linaombwa litunge sheria ya pensheni jamii kwa Tanzania Bara, yenye umri ulioandikwa ndani ya sheria yenyewe. Kuanza na miaka 70, kama Zanzibar, ni busara, mradi sheria itaje lini umri utashuka. Kiwango kisipungue cha Zanzibar cha sasa, na kipitiwe kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei, kwa sababu Sh. 20,000 ya mwaka 2016 hainunui leo ilichonunua wakati ule. Daftari lisifungwe hata siku moja: atimizaye umri mwezi huu aandikwe mwezi huu. Fedha zitoke katika mapato ya ndani ya serikali, kwa fungu lake maalumu, ili pensheni isije ikawa kama miradi inayoondoka na wafadhili. Mzee aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa ndani ya wilaya yake. Na sheria iseme wazi kwamba pensheni ni haki inayodaiwa mahakamani, ili kile ambacho Ibara ya 7(2) ilikifungia nje kipate kuingia kwa mlango wa sheria ya kawaida.

Mkutano wa Bunge wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Muswada ukisomwa kabla ya hapo, fungu la kwanza linaweza kutengwa katika mwaka wa fedha unaofuata, unaoanza Julai mosi.